Mirija ya Kaboni na Njama za Sostenes

Jumatatu, 16 Agosti 2004

Nimeanza daftari jipya. Lile la zamani nimelifungia kabatini, kwa sababu leo asubuhi nimelikuta kichwa juu. Mimi huliweka kichwa chini. Simtaji mtu. Ila maabara hii ina funguo mbili tu. Mmoja ninao mimi, wa pili anao fundi mwenzangu, Sostenes.

Siku yenyewe ilikuwa kubwa. Dk. Bupe, mtafiti, kafika hapa Dodoma kutoka Dar es Salaam na sanduku la chuma. Mama mfupi, miwani ya kamba, maneno machache. Tukakusanywa maabara: mimi, Sostenes, Anjelina sekretari aliyekuja kuandika kumbukumbu, na Mkuu wa Chuo, Mzee Bartolomayo, ambaye mambo ya umeme hayajui lakini hapendi kupitwa.

Alichotuletea ni mirija ya kaboni. Kaboni hii hii ya mkaa na masizi, alisema, ila imejikunja ikawa mirija. Ukiipanga elfu hamsini ubavu kwa ubavu ndipo unapata unene wa unywele mmoja. Shida yake ni kwamba inazaliwa imechanganyika. Mingine inapitisha umeme kama waya wa shaba. Mingine inapitisha kwa masharti. Kwa macho yote ni sawa, maji meusi tu kwenye kichupa. Sasa unaweka tone moja katikati ya ncha mbili za dhahabu, juu ya kijibao cha kioo. Unawasha umeme unaogeuka huku na huku mara milioni kumi kwa sekunde. Ile ya jamii ya waya inavutwa kwenye dhahabu, inajipanga mistari. Ile nyingine inabaki majini. Unasuuza, kazi imekwisha.

Nilibaki mdomo wazi. Mashine inayotenganisha vitu vyenye sura moja na tabia mbalimbali! Ingekuwepo ya watu, ningeifunga mlangoni pa chumba cha walimu kesho asubuhi.

Halafu yakaja yenyewe. Mzee Bartolomayo alikumbusha aliyotuambia Juni: kuanzia Januari chuo kitabaki na fundi sanifu mmoja wa maabara. Kila mahali wanapunguza watu, na sisi zamu yetu imefika. Dk. Bupe anataka fundi mmoja akafanye kazi naye Dar miezi sita. Atakayekwenda ndiye atakayerudi kwenye kiti. Atakayebaki ataagwa kwa soda na keki.

Nimeogopa. Naliandika hilo wazi, maana hapa hasomi mtu (natumaini). Nina miaka thelathini na tisa. Mke wangu Emilia yuko Bukoba na watoto, na kila barua anauliza kama bado nina kazi, kabla hata ya kuuliza kama mzima. Kaka yangu alipunguzwa mwaka juzi. Sasa anakaa barazani kutwa, anahesabu magari yanayopita.

Dk. Bupe akatugawia kichupa kimoja kimoja. Masharti: kitikiswe polepole kila saa ili mirija isigandamane. Kisiongezwe kitu chochote, hasa chumvi. Maji yake yana sabuni kidogo na hayo yanatosha. Ijumaa kila mmoja atapima tone lake mbele ya bodi ya chuo. Mashine na kijibao kaviacha tujifunzie, mimi asubuhi, Sostenes mchana. Kijibao ni hicho kimoja tu, alisema, tukitunze. Mwenyewe kaenda Kongwa kwa dada yake mpaka Ijumaa.

Sostenes alipokea kichupa chake akatabasamu. Mtu anayetaka kupoteza kazi anatabasamu nini?

Nimemfikiria sana. Ni Mgogo wa Mvumi, mpole, haongei sana. Tumefanya kazi pamoja miaka mitatu na hajawahi kunikosea hata mara moja. Hilo peke yake linatia shaka.

Jambo la kunipa moyo: Dk. Bupe ni Mnyakyusa. Kwao wanakula ndizi, kama kwetu. Tutaelewana.

Jumanne, 17 Agosti 2004

Kabati nimelikataa. Lina kufuli ya Kichina inayofunguka kwa kijiko, nimejaribu mwenyewe. Droo ndiyo kabisa. Nimekifunga kichupa uzi mweusi nikakivaa shingoni, ndani ya shati. Nikitembea kinatikisika chenyewe. Nimeua ndege wawili kwa jiwe moja.

Saa tatu Anjelina aliuona uzi. Akaniuliza ni kitu gani. Nikasema dawa ya kifua. Akauliza mbona kifua changu hakijawahi kuuma. Nikamwambia ndivyo dawa inavyofanya kazi. Kufika saa tano chuo kizima kinajua kwamba Mhaya wa maabara amevaa hirizi kwa ajili ya Ijumaa.

Saa sita nikaitwa kwa Mkuu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia kwa unyonge. Mzee Bartolomayo ni mzee wa kanisa. Hakutaja hirizi. Alizungumza kwa mzunguko mrefu kuhusu Mungu anavyowagawia watu riziki bila kusaidiwa na waganga, kisha akafumba macho akaniombea dakika nne. Nilisema amina. Ningemweleza ukweli, lakini ofisi ya Mkuu na ofisi ya sekretari zinatenganishwa na ubao mwembamba, na Anjelina ana masikio. Kuna nani anayejua Anjelina yuko upande gani?

Sasa ya Sostenes. Saa nne kamili alipigiwa simu ofisini kwa Anjelina. Akaongea Kigogo, sauti ya chini, akiwa ameinamisha kichwa. Nilikuwa nimesimama nje ya dirisha kwa shughuli zangu. Neno nililolidaka ni moja tu, "Ijumaa". Kigogo chote kile na katikati Ijumaa.

Aliporudi akaniita, kaka Cornel, nina jambo nataka tuongee, twende tukanywe chai. Nikatazama saa. Ilikuwa zamu yangu ya mashine, imebaki dakika arobaini. Anataka kunitoa maabara, ndiyo chai yenyewe hiyo. Nikamwambia chai nimeacha, daktari kanikataza. Akanipa pole. Amejua na hilo la kifua.

Kazi yenyewe leo haikwenda vibaya. Niliweka tone, nikawasha, nikachungulia kwenye hadubini. Baada ya dakika mbili mistari myeusi ikaanza kujichora kutoka dhahabu mpaka dhahabu. Nyembamba, imepindapinda, lakini mistari. Nikasisimka mwili mzima. Nilimwita Anjelina aone. Akasema anaona uchafu.

Jumatano, 18 Agosti 2004

Mistari ya Sostenes imenyooka.

Niliiona mchana huu. Alikuwa ametoka, kaacha kijibao chini ya hadubini. Nikachungulia. Imejipanga kama meno ya chanuo. Yangu inafanana na ndevu za mbuzi. Mirija ile ile, kichupa cha aina ile ile, mashine ile ile. Sasa yeye ana nini ambacho mimi sina?

Nimejiuliza kisayansi. Yeye husuuza kijibao kwa maji yaliyochujwa, mara tatu, kama alivyotuagiza Dk. Bupe. Mimi nasuuza mara moja, kwa sababu maji yaliyochujwa yapo kwenye dumu lililo karibu na meza yake na sitaki kuonekana nazungukazunguka huko. Lakini kusuuza tu hakuwezi kuleta tofauti yote ile. Hapana. Kuna kitu.

Na kitu nimekigundua. Saa kumi alitoka kwa geti la nyuma. Nikamfuata kwa umbali. Upepo wa Agosti ulikuwa unapiga vumbi mpaka nikala mchanga, lakini sikumwachia. Kwenye kona ya soko alikutana na mama mmoja aliyetoka Mvumi, bado ana vumbi la njia. Mama akafungua khanga, akatoa kopo la maziwa ya unga. Sostenes akalipokea kwa mikono miwili. Wakaongea kidogo kwa huzuni, yule mama akamshika bega. Kisha Sostenes akarudi chuoni na kopo kwapani, akaliingiza kwenye droo yake ya chini.

Maziwa ya unga hayatoki Mvumi kuja mjini. Yanatoka mjini kwenda Mvumi. Mtoto wa darasa la nne atakwambia.

Nilisubiri aende msalani. Droo haikufungwa (ujanja wa hali ya juu, kuficha kitu mahali pa wazi). Ndani ya kopo kuna unga. Wa kijani kilichokolea, laini, una chembe chembe nyeupe zinazong'aa. Hauna lebo. Una harufu ya majani makavu na kitu kingine nisichokijua. Nimefanya kazi ya maabara miaka kumi na nne. Kila kemikali naijua kwa rangi. Hii siijui.

Alipotoka msalani alinikuta nafunga kamba ya kiatu karibu na meza yake. Viatu vyangu havina kamba. Akasema tena, kaka Cornel, lile jambo, ni kuhusu safari ya Dar, afadhali ulisikie kwangu. Nikamwambia mambo ya Dar yatasikika Ijumaa mbele ya bodi, si pembeni. Akasema sawa, kama ndivyo unavyotaka. Alitaka kunivunja moyo mapema, mimi si wa jana.

Alhamisi, 19 Agosti 2004

Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Leo nimeinama.

Sostenes aliomba ruhusa ya nusu siku, kaenda Mvumi. Eti mama yake hali si nzuri. Siku moja kabla ya Ijumaa! Nikamtakia mama afya njema, nikamsindikiza mpaka getini, nikahakikisha amepanda gari. Nikarudi. Nikachota vijiko viwili. Nilisawazisha juu ya unga kwa kadi ya chanjo ili isionekane.

Sikuwa na nia ya wizi. Ikiwa yeye anatumia kitu ambacho Dk. Bupe amekikataza, ni haki nami nikitumie tuwe sawa. Ikiwa hatumii, basi hakuna aliyeibiwa kitu cha maana. Nimeipima hoja hii kila upande, haina tundu.

Niliutia unga katika maji ya uvuguvugu. Dakika tano hakuna kitu. Dakika ya sita nilipotoa kijiti cha kukorogea, maji yakaja nacho. Yakavutika. Nikainua kijiti mpaka usawa wa pua, uzi bado haujakatika. Nikaelewa yote papo hapo. Kazi kubwa ni kuzuia mirija isizame na isigandamane, siyo? Basi katika kitu hiki hakizami kitu. Nilidondosha punje ya mchanga, ikaning'inia katikati. Nilidondosha pini ya Anjelina, nayo ikafikiri sana kabla ya kushuka.

Sostenes ni mtu mwenye akili. Nilikuwa namchukulia poa.

Nikafungua kichupa changu nikatia matone kumi ya ute ule. Nikakizungusha. Weusi ukatapakaa, ukatulia, haushuki wala haupandi. Nikaongeza kumi mengine kwa usalama. Kuna ukijani kidogo ukikielekeza kwenye mwanga, lakini nani ataelekeza kwenye mwanga?

Sikujaribu kwenye mashine. Ningejaribu, kisha Sostenes angenusa, angejua. Siri haijaribiwi. Siri inatumika siku yake.

Nimekivaa kichupa shingoni. Kimekuwa na joto la mwili wangu. Nimemwandikia Emilia kadi: aanze kuwaambia majirani, kwa sauti ya chini, kwamba mambo yanakwenda vizuri.

Ijumaa, 20 Agosti 2004

Nitaandika kwa utaratibu.

Bodi ilifika saa tatu. Mwenyekiti ni Mama Violeth, mstaafu wa wizara, suti ya rangi ya maziwa. Dk. Bupe alirudi kutoka Kongwa amepumzika na mwenye furaha. Sostenes alifika macho mekundu, shati la jana. Akanisalimia, akanitakia kila la heri. Nikamwambia na wewe, huku namchungulia machoni. Hakuonyesha kitu.

Nikaitwa wa kwanza. Nikavua kichupa shingoni. Minong'ono ikapita, Mzee Bartolomayo akainamisha kichwa. Nikavuta kwa bomba la kudondoshea, nikalisogeza juu ya kijibao, nikaminya.

Tone halikudondoka. Lilishuka kwa uzi. Nikainua bomba ili ukatike, uzi ukarefuka. Nikapeleka mkono kulia, uzi ukaja kulia. Nikazungusha. Dk. Bupe alivua miwani akaifuta akaivaa tena. Nikarudi nyuma hatua mbili, na uzi ule, mweusi wenye ukijani, ukatua kwenye mkono wa suti ya Mama Violeth, ukiwa bado umeshika kijibao upande wa pili. Anjelina alileta mkasi.

Dk. Bupe akauliza kwa upole kama nimeongeza kitu. Nikasema hapana, ni uzee wa sampuli. Nikawasha mashine haraka ili mistari initetee.

Kwanza tone likatetemeka. Nikafurahi. Halafu likatoa povu. Halafu likachemka kabisa, tone moja, linatokota kama sufuria. Kikasikika kimlio, pyu, na kijimoshi kikapanda. Zile ncha za dhahabu hazipo. Pale zilipokuwa pana doa la kahawia. Dk. Bupe akazima mashine kwa mkono wake, akakaa kwenye kiti.

Harufu ikaenea maabara nzima. Mzee Bartolomayo kwao ni Hombolo, huko huko Ugogoni. Alinusa mara moja. Akanusa mara ya pili, akakunja uso kama mtu anayesikia sauti ya ndugu mahali asipotarajia. Akasema mbele ya bodi yote kwamba huu ni mlenda. Akaongeza kwamba umepikwa vizuri, ila umeungua chini.

Miaka mitatu niko Dodoma na mlenda sijawahi kuutia mdomoni. Nikiuona sahanini nageuza kichwa. Nilijua ni mboga ya majani mabichi inayoteleza. Nani aliniambia kwamba wanaukausha wanautwanga unga? Hakuna. Watu wote hawa, miaka mitatu, hakuna hata mmoja aliyeona umuhimu wa kuniambia.

Anjelina ndiye aliyemalizia. Akaeleza kwamba kina mama wa Mvumi huwatumia watoto wao waliopo mjini mlenda mkavu, umeshatiwa magadi na chumvi yake, kazi ni kuchemsha tu. Dk. Bupe akarudia neno moja, chumvi, polepole. Akasema chumvi inaigandamanisha mirija, na maji ya chumvi yanapitisha umeme mpaka yanachemka. Akasema aliliagiza hilo Jumatatu, na Anjelina akafungua daftari la kumbukumbu akasoma pale lilipoandikwa. Hakuombwa.

Kisha Sostenes akasimama. Nikajua sasa ananimaliza. Akasema ule mlenda ni wa mama yake, na kwamba kama ningeomba angenipa kopo lote. Akakaa. Basi.

Zamu yake haikuwepo tena. Kijibao kimekufa.

Jumatatu, 23 Agosti 2004

Nimeitwa kwa Mkuu. Shikamoo, marahaba, kaa chini.

Nilikaa. Nilikuwa nimeandaa maelezo ya kurasa tatu. Hakuyataka. Akanieleza jambo, naliandika kama lilivyo. Jumatatu iliyopita, jioni ile ile, Sostenes alikwenda kwake akasema haendi Dar. Mama yake ni mgonjwa na hana mtu mwingine. Ameshapata kazi ya maabara kwenye shule moja huko Mvumi kuanzia Januari. Akasema nafasi apewe Cornel. Dk. Bupe alikubali kwa simu siku hiyo hiyo. Ijumaa ilikuwa ya kuionyesha bodi tu. Sostenes aliomba aniambie mwenyewe, na kwa maelezo yake alijaribu mara mbili.

Nafasi ilikuwa yangu. Tangu Jumatatu, kabla sijafunga uzi shingoni, ilikuwa yangu. Nilitoka nje nikashika ukuta. Nililia kidogo, nasema kweli, nyuma ya tangi la maji ambapo hapaonekani kutoka ofisini. Niliona sura ya Emilia anavyosoma barua amesimama mlangoni.

Baadaye akili ikarudi. Mtu gani anakataa Dar es Salaam?

Mzee Bartolomayo aliniita tena saa nane. Dk. Bupe amepiga simu. Amekasirika kwa sababu ya kijibao lakini ni mtu wa haki. Amesema ufundi anaweza kunifundisha, uaminifu hawezi. Anachotaka ni barua moja ya siri kutoka kwa mtu anayefanya kazi nami, aseme kama naaminika. Imfikie mkononi kabla ya Jumanne tarehe thelathini na moja, maana usiku huo anasafiri kwenda Ujerumani na majina lazima yawe yamepelekwa. Ikifika, nafasi bado yangu. Isipofika, basi, na Januari chuo kitatafuta fundi mpya kabisa.

Anayefanya kazi nami ni mmoja tu.

Nikamwendea. Sikujua nianze wapi, nikasema pole ya mama. Akasema asante, ameanza kunywa uji. Akasema barua ataandika. Hakusita hata kidogo. Nimelitia hilo alama.

Jumatatu, 30 Agosti 2004

Asubuhi saa mbili Sostenes alinikabidhi bahasha. Imefungwa, imeandikwa jina la Dk. Bupe kwa mwandiko mzuri. Akasema yeye anakimbilia Mvumi, mama anaruhusiwa leo kutoka hospitali, basi niipeleke mwenyewe kituoni kwa kondakta wa basi la saa nne, wameshapatana. Kondakta ataikabidhi jioni Dar, mtu wa Dk. Bupe atakuwa pale. Akanishika mkono, akasema safari njema, kaka.

Sasa tazama. Barua ya siri inayonihusu mimi, anapewa nani aibebe? Mimi. Kwa nini? Kwa sababu anataka niione kwa nje nitulie, nisijue cha ndani. Kituo ni dakika kumi kwa miguu. Nilikuwa na saa nzima na zaidi. Nikawasha jiko la maabara, nikaweka birika, nikaipitisha bahasha juu ya mvuke. Ikafunguka bila kuchanika. Fundi sanifu ni fundi sanifu.

Ilikuwa na mistari minne tu. Nainakili:

"Cornel huwa hamwamini mtu, lakini katika miaka mitatu hakuna kifaa hata kimoja kilichopotea mkononi mwake. Alichokifanya alikifanya kwa hofu ya kukosa kazi, si kwa ubaya wa moyo. Ni fundi hodari kuliko mimi. Ningemwachia nyumba yangu na funguo zake."

Niliisoma mara tano. Nusura nilie mara ya pili ndani ya wiki mbili.

Nikajizuia. Hakuna mtu anayemsifu hivyo mwenzake aliyemwibia mboga. Haijatokea Bukoba, haijatokea Dodoma, haitatokea. Sifa hizi ni za juu. Maneno ya kweli yako chini yake. Na mistari minne katika karatasi kubwa namna ile, nafasi yote hiyo nyeupe ya kazi gani?

Kila fundi wa maabara anajua habari ya maji ya ndimu. Unaandika kwa ndimu, yakikauka hayaonekani, ukipasha karatasi moto yanajitokeza ya kahawia. Tulilifanya jaribio hilo na wanafunzi mwezi wa tano, na Sostenes ndiye aliyekamua ndimu.

Nikaipitisha barua juu ya jiko. Hakuna kitu. Nikaishusha kidogo. Pembeni pakaanza kuonekana rangi ya kahawia. Nikasema nimekupata. Nikashusha tena kidogo ili nisome vizuri.

Ilishika moto kutoka pembe ya chini. Niliipiga kwa koti, nikaimwagia maji ya birika. Kilichosalia ni kipande chenye maneno "huwa hamwamini mtu" na sahihi.

Nikatafakari upesi. Nikachukua karatasi nyingine nikaanza kuiandika upya mwenyewe, kwa mwandiko wa Sostenes, nikipunguza zile sifa ziwe za kuaminika. Niliondoa fundi hodari. Niliondoa nyumba na funguo. Sehemu ya uaminifu niliiandika mara tatu, haikutoka vizuri. Nikaifunga hivyo hivyo, nikakimbia mpaka kituoni bila koti.

Saa nne na dakika mbili. Basi limeondoka, na ndilo la mwisho kwa leo. Mpiga debe akasema leo limetoka saa nne kamili.

Nimerudi maabara. Nimekaa kwenye kiti changu, bahasha iko mezani. Najua maana yake ni nini, na nimeshafikiria namna ya kumwandikia Emilia, sijapata. Lakini kuna jambo moja linanisumbua kuliko yote. Basi lile nalifahamu miaka mitatu. Halijawahi kutoka kabla ya saa nne na nusu. Leo limetoka kwa wakati. Kuna mtu kampigia dereva simu.